Kaa Sita

9 Januari 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku tunasukuma siku. Mume wangu alihamishwa kikazi mwezi Novemba, unajua wapima ardhi hawatulii mahali, na ameondoka na Kibonge wetu ili awahi kuanza shule kulekule. Mimi nimebaki kwa Baba. Cherehani nimeipandisha sebuleni, nashona sare za wanafunzi huku namsikilizia chumbani.

Habari za kiharusi chake unazo, kwa sababu nilikuletea telegramu mwezi wa tisa. Haikujibiwa. Sisemi kitu.

Upande wa kulia umelala. Maneno yote yamemtoka isipokuwa moja tu: ndiyo. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Juzi nilichoka nikamuuliza, "Nikutupe dirishani?" Akanitazama vizuri kabisa, akasema ndiyo. Tulicheka wote wawili, kisha nikaenda kulia jikoni.

Kuandika hawezi. Daktari anasema herufi zimeondoka pamoja na maneno. Lakini mkono wa kushoto unachora, Baba Mdogo. Mtu aliyepaka rangi mabango ya nusu ya maduka ya mji huu hawezi kusahau kushika penseli. Wiki nzima sasa anachora kitu kimoja: shuka imeanikwa kwenye kamba. Nikabadilisha shuka za kitanda. Akachora tena. Nikafua, nikapiga pasi, nikatandika mpya. Akanitupia mto.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wenu wa mafumbo ya picha gazetini, yeye akichora na wewe ukitunga, watu wakibishana ofisini hadi kazi zinalala. Hakuna mwingine anayejua kichwa chake kinavyopinda. Najua mna yenu, na sikuulizi. Nimeambatanisha mchoro. Nisomee huu tu.

Binti yako.

2 Februari 1988

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Telegramu niliipata.

Usitazame kitambaa, sikiliza neno. Mnaishi ghorofani. Karakana yake iko chini. Shuka. Anataka kushuka.

Kwenye ukurasa wetu kitu kilichochorwa hakikuwa kitu, kilikuwa sauti ya jina lake. Mto wa kulalia ulikuwa mto wa maji. Waridi lilikuwa ua, na ua lilikuwa amri ya kuua, na wasomaji walitutukana kwa barua. Kaka yangu hakuwahi kuchora kitu kwa maana yake ya kwanza. Ukilijua hilo unamjua yeye.

Mteremshe. Usimbebe mgongoni, utajivunja kiuno. Tafuta wanaume wawili na kiti chenye mikono.

Baba yako mdogo.

21 Februari 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo sana. Kibonge ameandika jina lake mwenyewe na kunitumia, herufi moja imelala chali, lakini ni jina. Baba yake hajambo, ana kazi nyingi.

Sasa sikiliza. Kinyozi wa hapo chini alikuja na mteja wake, mteja amenyolewa upande mmoja, wakambeba Baba na kiti chake. Tulipofika karakana akanusa harufu ya rangi, akaweka mkono kwenye meza ile iliyojaa madoa, akasema "ndiyo". Baba Mdogo, tangu Septemba nalisikia neno hilo, lakini hilo lilikuwa la kwanza lenye maana yake.

Kwa hiyo unaweza. Nakuletea mwingine. Ni ndege mkubwa, mdomo umepinda, ananitisha. Amemchora juu ya magazeti, juu ya bahasha, hadi ukutani. Jirani mmoja alipomwona akasema huyo ndege anakuja kumchukua. Nilimwonyesha mlango, lakini usiku ule sikulala.

Ungekuja mwenyewe tungemaliza kwa siku moja kinachotuchukua mwezi. Chumba cha Kibonge kiko wazi.

Binti yako.

27 Machi 1988

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kidogo, kulikuwa na hili na lile. Usishangae mwandiko, mkono wangu una uvimbe na kuna mtu ananisaidia kuandika.

Mwambie huyo jirani yako aende akauze jeneza kwingine. Ndege mwenye mdomo uliopinda ni tai. Fungua kabati, utakuta tai zake zimekunjwa kwenye boksi la viatu. Kaka hakuwahi kupeleka bango kwa mteja bila tai shingoni, hata kama shati lina rangi hadi kwenye kola. Akivaa tai, anatoka kwenda mahali.

Kuja, siwezi kwa sasa. Reli inatengenezwa.

Baba yako mdogo.

24 Aprili 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na mkono. Uvimbe wa wiki ngapi huo? Na reli, niliuliza stesheni. Wameniambia treni zinapita kila siku. Labda ni reli nyingine.

Ilikuwa tai kweli. Nilimfunga ile ya bluu, kinyozi akamnyoa, akakaa karakana anatazama barabara kama mtu anayesubiri gari. Jioni tulipotaka kumpandisha akaganda na meza. Tulimbandua kidole kimoja kimoja. Sikupenda kazi ile.

Sasa nina mchoro wa tatu, na huu nimeujua mwenyewe. Ni kaa. Sita, wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja na miguu yake yote. Sihitaji mtaalamu. Kaa! Ananiambia nikae. Alikuwa ananiangalia ninavyosoma barua za mume wangu za kuniita nimfuate, akaelewa, akaogopa nitamwacha.

Nimeshamwandikia mume wangu kwamba siendi. Wala Baba haondoki, amezaliwa kwenye nyumba hii. Nakutumia mchoro ili uone tu.

Binti yako.

22 Mei 1988

Mwanangu,

Marahaba. Umeharakisha kutuma hiyo barua kwa mumeo.

Angetaka kusema kaa, kaa mmoja angetosha. Mtu mwenye mkono mmoja, tena wa kushoto, hajitesi na miguu ya kaa sita kwa ajili ya mapambo. Idadi ni neno. Isome kwa sauti: sita, kaa. Sitakaa. Haongei habari zako hata kidogo, anaongea habari zake.

Weka michoro mitatu pamoja. Shuka. Tai. Sitakaa. Mtu huyo anaondoka, au anataka aondolewe. Kwenda wapi, bado sijui. Muulize vizuri, na funga mlango wa ngazi.

Baba yako mdogo.

Binti, salamu. Hapa sasa ni mimi ninayeandika, si yeye. Naitwa Mama Sindano hapa mtaani, nilikuwa nesi, sasa nimestaafu. Mkono wake hauna uvimbe wowote. Ni macho. Tangu mwaka jana yanafifia, na sasa anaona vivuli tu. Ndege nilimweleza mimi, na hao kaa pia nilimweleza mimi, amenilazimisha nirudie mara kumi. Ameniapisha nisikwambie. Sikuapa, nilikohoa tu. Haji kwako kwa sababu hataki kaka yake amwone anashikwa mkono. Hapa nafunga bahasha kabla hajaniuliza mbona kalamu bado inaandika.

12 Juni 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Kumbe ndivyo. Nimekaa na barua yako siku kadhaa ili nisikujibu vibaya, lakini naona vibaya bado viko palepale.

Pole kwa macho. Inatoka moyoni ninaposema pole. Lakini mchoro hujauona! Umeelezwa kwa maneno na mtu asiyemjua Baba, kisha unanihukumu mimi niliyekaa naye chumba kimoja, ninayemlisha, ninayejua akikunja uso anataka nini. Tena soma Kiswahili vizuri. Sisi tunasema kaa sita, hatusemi sita kaa. Jina kwanza, idadi baadaye, hata Kibonge anajua. Na kusita nalo ni neno. Kaa, sita. Maana yake nikae, nisikimbilie kuamua. Hata wewe mwenyewe umeniambia nimeharakisha, kwa nini yeye asiseme vilevile?

Na nilimuuliza. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema, "Baba, nikae?" Akasema ndiyo. Nikasema, "Unataka kuondoka?" Akasema ndiyo. Akapiga meza kwa ngumi hadi kikombe kikaanguka, nami nikampigia kelele. Sijawahi kumpigia Baba kelele maishani.

Mume wangu amejibu. Mistari minne. Amepata msichana wa kumwangalia Kibonge, na anasema hatauliza tena nakuja lini. Kwa hiyo usije kuniambia sasa kwamba sikuelewa. Kama sikuelewa, nimeyafanya haya yote kwa ajili ya nini?

Usinitumie majibu tena mpaka uje uone.

Binti yako.

3 Julai 1988

Mwanangu,

Marahaba. Mama Sindano ameandika hii mbele ya shahidi, nimemwita mwenye nyumba asimame hapo.

Ni kweli sikuuona. Lakini kaka anakandamiza penseli, alikuwa hivyo tangu shule, daftari lake lilikuwa na mashimo. Nimeupapasa mchoro kwa kidole. Kaa sita, na kila mmoja kichwa chake kimeelekea upande mmoja, kulia, kama foleni inayotoka. Kaa wa kutambaa upande upande, yeye kawageuza waende mbele. Mtu anayekuambia ukae hachori hivyo.

Kwenye ukurasa wetu idadi ilisomwa kwanza. Tulibishana juu ya kanuni hiyo kabla hujazaliwa na yeye ndiye aliyeshinda.

Kuhukumu sikukuhukumu. Umefanya alivyofanya kila msomaji wetu, umekuta neno unalolitafuta. Mimi pia hufanya hivyo. Lakini angalia mlango, mwanangu. Angalia mlango.

Baba yako mdogo.

11 Julai 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tatu imenikuta hospitali. Kinyozi ndiye aliyeniletea, na niliisoma nimesimama kwenye korido, nikakaa chini sakafuni.

Alhamisi nilipeleka sare shuleni. Nilichelewa kwa sababu mwalimu alitaka kila suruali ipimwe tena. Niliporudi watu wamejaa mlangoni. Baba alikuwa chini ya ngazi, amejiburuta kwa upande mmoja akaanguka. Alikuwa amejifunga tai mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, sijui alitumia muda gani. Mkoba wa nguo ulikuwa umefunguka na brashi zake zimetawanyika kila ngazi. Alikuwa na kofia yake ya safari. Ilikuwa bado kichwani.

Nyonga imevunjika. Wamemfunga mzigo mguuni wa kuuvuta mfupa. Hachori tangu siku hiyo. Nikimwekea penseli anaiacha idondoke. Hata ndiyo hasemi.

Ulikuwa sahihi. Sitakaa. Nimeisema kwa sauti hapa korido hadi nesi akanigeukia. Wewe uliisikia kwa kidole ukiwa huko, na mimi niliyekuwa naye nikaipindua ifanane na hofu yangu. Lakini kwenda wapi? Baba Mdogo, alikuwa anakwenda wapi na kofia? Daktari mkubwa ananiambia wazee wakishavunjika nyonga na kunyamaza hivi, huwa wanakata tamaa. Aliongea kama vile Baba hayupo chumbani.

Sikuombi usome mchoro. Hakuna mchoro. Nakuomba uje. Ukishikwa mkono au usishikwe, njoo.

Binti yako.

14 Agosti 1988

Mwanangu,

Marahaba. Tulifika nyumbani salama. Mama Sindano alisinzia njia nzima, mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda.

Asante kwa chumba, na kwa kutosema chochote nilipogonga kile kiti. Kuna jambo lilitokea nikiwa na kaka ambalo sikukwambia. Sikulificha, nilikuwa nalifanyia kazi.

Siku ile ya pili, ulipotoka kwenda kuonana na daktari na Mama Sindano akafuata chai, tulibaki wawili. Hatujakaa chumba kimoja kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Yeye hawezi kusema, na mimi sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza kumweleza kuhusu treni, kituo kwa kituo, kama mpumbavu. Nikamwambia, "Kaka, sioni." Nikadhani amelala. Kisha akaushika mkono wangu, akakifungua kiganja, akaanza kuchora humo kwa ukucha.

Niliuondoa kwa mshtuko. Akaurudisha. Alichora polepole, akafuta kwa kiganja chake kama anavyofuta ubao, akachora tena. Vitu viwili vidogo, vimelala pamoja, mbele duara na nyuma duara jembamba, juu yake kamba zinapishana. Nikasema, "Viatu?" Akanibana vidole hadi vikauma. Nikasema, "Viatu vidogo?" Akanibana tena.

Basi tangu hapo sina usingizi. Viatu. Nimegawa neno kila namna. Vi, atu. Nimejaribu ndara, raba, soli, kisigino. Jozi: jozi ya nini? Nimejaribu "vaa", nimejaribu "kanyaga", nimejaribu miguu isiyokuwemo. Nilifikiri ni "soli", kwamba anaulizia soli ya kiatu changu cha zamani. Mama Sindano anasema nimeanza kuongea peke yangu. Kwenye ukurasa wetu hakuna fumbo lililonishinda, hata la kaka. Hili limenishinda. Nakupa wewe.

Baba yako mdogo.

28 Agosti 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Sindano pia. Baba wamemfungua mguu. Tangu ulipoondoka anakula. Jana alichora kichwa cha yule daktari kikiwa na masikio ya punda, na daktari akauliza ni nani huyo.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Baba Mdogo wangu, hilo si fumbo. Ni viatu.

Ni viatu vya Kibonge. Siku wanaondoka alivisahau chini ya kiti cha Baba chumbani, vile vya kamba, na Baba akavichukua. Viko kando ya kitanda chake tangu Novemba. Navipangusa vumbi kila Jumamosi kama ninavyopangusa saa na kioo, na sikuviona. Na kuna jambo mimi nami sikukuandikia. Mkoba ulipofunguka kwenye ngazi, hivyo navyo vilikuwemo. Niliviokota nikasema moyoni, maskini, amekusanya chochote kilichokuwa karibu.

Nilikwenda wodini nikamwonyesha. Sikuuliza swali la ndiyo wala hapana. Nilivishika tu juu. Akanyoosha mkono akavichukua, akaviweka kifuani, akageuza uso ukutani na mabega yakaanza kutikisika.

Hakutaka kunifukuza, wala hakutaka kunishikilia. Alitaka twende wote kwa mjukuu wake, na nyumba aliyozaliwa anaiona kama nyumba tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiilinda kwa niaba yake.

Nimemwandikia mume wangu. Sikumwomba ruhusa. Nimemwambia tunakuja wawili, akipenda atusubiri stesheni, asipopenda anwani ninayo. Kinyozi atakaa na funguo. Hajajibu. Naogopa, Baba Mdogo, lakini tiketi nitakata akijibu au asijibu.

Binti yako.

9 Oktoba 1988

BABA MDOGO, SHIKAMOO.

BARUA HII SOMA MWENYEWE. MAMA SINDANO ASIKUSAIDIE. SIKU ILE HOSPITALINI NILIKUONA UMESIMAMA MBELE YA BANGO LA WODI LENYE HERUFI KUBWA, USO UMEKARIBIA KULIGUSA, UKALISOMA HERUFI KWA HERUFI. NDIYO MAANA HERUFI NI KUBWA NA KARATASI NI NYINGI.

TULIFIKA IJUMAA. MUME WANGU ALIKUWEPO STESHENI. HAKUNISALIMIA VIZURI NA BADO ANANUNA. LAKINI YEYE MWENYEWE NDIYE ALIYEMBEBA BABA, NA HAKUKUBALI MTU AMSAIDIE.

KIBONGE ALIMWOGOPA. ALIJIFICHA NYUMA YA MLANGO. BABA AKAVITOA VIATU, AKAVIWEKA SAKAFUNI, AKANGOJA. MTOTO AKATOKA, AKAJARIBU KUVIVAA. HAVIMWENEI TENA. AKAMWAMBIA BABA, "BABU, NIMEKUWA MKUBWA." BABA AKASEMA NDIYO.

MIMI NIMEPIGA MISTARI KWA PENSELI, YEYE AMEPITA JUU KWA BRASHI. HERUFI HAZIJUI TENA, ANAFUATA TU UMBO, NA UNAONA MWENYEWE HAJATOKA NJE YA MSTARI. KILA NENO LIMEPAKWA MARA MOJA.

"MDOGO", NILIPOMSOMEA, AMEPAKA MARA MBILI. LA KWANZA HAKURIDHIKA NALO.